TUTAZAMAPO SINEMA: NANI ANASEMA, NANI ANANYAMAZA?



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa mchezo tu, nalo ni sinema na vipindi vya televisheni. Hapa Elerai, kama ilivyo kwingineko mjini Arusha, sinema hutazamwa sebuleni, katika vibanda vya video, na siku hizi hata katika simu iliyo mkononi mwa mtoto. Mara nyingi wazazi huuliza kama sinema fulani ina matusi au uchi ndani yake. Swali hilo ni jema, wala hatulidharau. Lakini sinema yaweza kuwa safi kabisa, isiwe na tusi hata moja, na bado ikamfundisha mtoto jambo lisilo kweli juu ya nchi yake, juu ya jirani yake, na juu ya thamani yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo tumeona vema tujifunze pamoja namna ya kuiuliza sinema maswali.

Tutachukua mifano mitatu. Wa kwanza ulipigwa picha hapa kwetu, chini ya Mlima Meru. Wa pili unahusu mji wa Mwanza, na wa tatu unahusu Unguja. Baada ya hapo tutaweka maswali matano ambayo kila nyumba na kila kikundi chaweza kuyatumia.

1. HADITHI HUJIBIWA

Wazee wetu hawakuwasimulia hadithi watu waliokaa kimya. Msimulizi aliita, wasikilizaji wakaitika. Alipofika mahali pa wimbo, wote waliimba. Hadithi ilipokwisha, mtoto aliulizwa: je, sungura alifanya vema? Kwa nini fisi aliaibika? Hadithi iliyosimuliwa bila kujibiwa ilikuwa kama salamu isiyoitikiwa.

Desturi hiyo haikufa ilipokuja video. Wengi wetu tunawakumbuka watafsiri wa sinema, kama yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu huko Dar es Salaam, ambao sauti zao ziliwekwa juu ya sinema za kigeni. Hawakutafsiri maneno tu. Walieleza, walitania, walimcheka mwenye majivuno na kumwonya anayeelekea mtegoni. Vivyo hivyo watu katika kibanda hawakunyamaza, bali walibishana na picha yenyewe. Basi, hatuwaletei wasomaji jambo geni. Tunaomba tu kwamba kujibu kule kuendelee, tena kwa makini zaidi.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: kamera ina kingo. Aliyeishika amechagua kuielekeza huku, wala si kule. Kuchagua si kosa, maana hata sisi tukisimulia habari za harusi hatusemi kila kitu kilichotokea. Lakini mtazamaji asipojua kwamba kuna kilichoachwa nje, atadhani ameona yote.

2. "HATARI!" NA SHAMBA LA MOMELLA

Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, watu wa sinema kutoka Marekani walifika Tanganyika wakiongozwa na Howard Hawks. Walipiga picha za sinema iliyotolewa mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, "Hatari!". Mchezaji mkuu alikuwa John Wayne, na pamoja naye walikuwapo Hardy Krüger wa Ujerumani, Elsa Martinelli wa Italia, Gérard Blain wa Ufaransa na wengine. Makao ya hadithi ni Momella, upande wa mashariki wa Mlima Meru, na mitaa ya mji wa Arusha nayo imo. Krüger aliipenda nchi hii hata akanunua shamba huko Momella na kuishi hapo kwa miaka kadhaa.

Hadithi ni ya kikundi cha watu wanaokamata wanyama wa porini kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Wanawafukuza kwa magari, wanawatupia kamba shingoni, kisha wanawaingiza katika vizimba. Mwanamke mpiga picha anakuja kukaa nao, anawalea watoto watatu wa tembo waliofiwa na mama zao, na wenyeji wanamwita Mama Tembo. Mwisho ni wa kuchekesha na wa arusi.

Tuseme kwanza yaliyo mema, maana kuichambua sinema si kuitukana. Mle ndani Mjerumani na Mfaransa wanaanza kwa ugomvi na kumaliza kwa urafiki. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945 tu, kwa hiyo hilo halikuwa jambo dogo kwa watazamaji wa Ulaya. Mmoja wa kikundi anapojeruhiwa na kifaru, mgeni ambaye hakupendwa ndiye anayemtolea damu. Mtu anapimwa kwa kazi yake na kwa jinsi anavyosimama na wenzake wakati wa hatari. Tena wanyama hawapigwi risasi kwa kujionyesha, kama ilivyokuwa desturi ya wawindaji wengi wa zamani. Haya ni mafundisho, na baadhi yake ni mema.

Sasa tuulize: nani anasema katika sinema hii? Wanasema Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa na Mwitalia. Na nani ananyamaza? Waafrika wamo, tena wengi. Wako juu ya malori, wanashika kamba, wanahudumia nyumbani, wanacheza ngoma. Lakini hakuna hata mmoja aliye miongoni mwa wahusika wakuu. Hatujui wanakolala, wanawaza nini juu ya kazi ile, wala watoto wao wanasoma wapi. Nchi yenyewe inaonekana kama uwanja mpana wa nyasi na wanyama, ambao haukuwa na habari yo yote kabla magari hayajafika.

Tukumbuke miaka ile ilivyokuwa. Sinema ilipigwa picha miezi michache tu kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Septemba ya mwaka huo huo, hapa hapa Arusha, palifanyika mkutano mkubwa juu ya uhifadhi wa maliasili za Afrika, na Mwalimu Nyerere akatoa tamko kwamba wanyamapori ni amana ambayo nchi itailinda kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kwa hiyo, wakati sinema ikiwatazama wanyama kama mzigo ulioagizwa na wanunuzi wa ng'ambo, wenye nchi walikuwa tayari wanazungumza juu ya wajibu wao. Mazungumzo hayo hayamo katika picha.

3. YALIYOBAKI NJE YA PICHA

Yako mengine ambayo hayamo, nayo yanatugusa zaidi. Jirani na Momella iko Engare Nanyuki. Mwaka 1951, Serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili yapatikane mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu waliondolewa pamoja na mifugo yao, wakiacha mashamba na makanisa waliyoyajenga kwa mikono yao.

Wameru hawakushika silaha. Walijikusanya katika umoja wao, wakachangishana fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet aende New York. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza habari za watu wake. Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini dunia ilisikia, na watu wa Tanganyika waliona kwamba mwananchi wa kawaida aweza kusimama mbele ya wakubwa wa dunia na kunena. Baadaye, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, aliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kilichotolewa mwaka 1967.

Tangu nyumba zilipochomwa Engare Nanyuki hadi kamera zilipofika Momella haikupita hata miaka 10. Moshi ulikuwa umepoa, lakini watu waliofukuzwa walikuwa hai, na baadhi yao hawakukaa mbali na pale magari yalipokuwa yakifukuzana na vifaru. Hatusemi kwamba Hawks na wenzake walificha jambo hilo kwa makusudi. Huenda hawakulijua kabisa. Na hapo ndipo penye somo: mtu aweza kupiga picha nzuri ya nchi, yenye rangi za kupendeza na mlima nyuma yake, asiwaone kabisa wenye nchi.

Basi, fikirini mtoto wa Elerai anayekua akiuona Mlima Meru kila asubuhi. Akiitazama "Hatari!" peke yake, atajifunza kwamba nyuma ya mlima ule ni nchi ya tembo na John Wayne. Akisimuliwa na habari za Engare Nanyuki, atajua kwamba nyuma ya mlima ule waliishi watu waliojenga, waliofukuzwa, na waliodai haki yao kwa amani. Wazee walioyaona mambo hayo kwa macho yao wamebaki wachache sana. Sinema itaendelea kutazamwa, lakini mzee akiondoka bila kuulizwa, hakuna mtambo utakaomrudisha.

4. SINEMA YA MAPANKI

Pengine mtu atasema: kama ni hivyo, sinema bora ni ile inayoonyesha shida za watu wetu waziwazi. Hapana, si lazima. Na tutazame mfano wa pili.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa filamu ya habari za kweli iitwayo "Darwin's Nightmare", aliyoipiga picha Mwanza. Wengi wetu tuliijua kama filamu ya mapanki. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wengi wa asili, kisha akawa biashara kubwa. Minofu inapakiwa katika ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yanaanikwa juani kwa ajili ya wananchi. Tunaonyeshwa watoto wa mitaani, wanawake wanaojiuza, na marubani wa kigeni. Filamu inadokeza kwamba ndege zinazokuja kuchukua samaki huleta silaha za kupelekwa vitani.

Filamu ilisifiwa sana ng'ambo, hata ikaingizwa katika orodha ya kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Hapa nchini ilileta ghadhabu. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeipaka nchi matope, na huko Mwanza watu waliandamana kuipinga.

Tufanyeje na ugomvi wa namna hii? Njia rahisi ni kuchagua upande kwa kuwa tunaipenda nchi yetu, au kwa kuwa tunawahurumia maskini. Njia iliyo bora ni kutenganisha mambo. Kwamba minofu ilikwenda Ulaya na mabaki yakauzwa kwa wananchi, hilo kamera imelionyesha. Kwamba kulikuwa na watoto wasio na makao, hilo pia tumeliona, tena hatuhitaji mgeni wa kutuambia, maana tunawapita njiani. Lakini habari ya silaha kushushwa Mwanza haikuonyeshwa. Imejengwa kwa maneno ya watu na kwa jinsi picha zilivyopangwa. Picha ya ndege ikifuatwa na maneno juu ya vita, moyo wa mtazamaji huunganisha mambo hayo mawili hata kama uthibitisho haujatolewa.

Tena tuulize: je, hakuna mtu wa Mwanza aliyecheka, aliyesomesha watoto kwa fedha za samaki, aliyemsaidia jirani? "Hatari!" iliwaacha watu wetu bila sauti. Filamu ya mapanki iliwapa sauti, lakini kwa sehemu kubwa ilikuwa sauti ya kilio. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haituzuii kusema mabaya yaliyopo. Inatutaka tumseme jirani kwa ukamilifu wake, kwa kadiri tunavyojua, na tusilisogeze neno hata hatua moja kupita ushahidi. Amri hiyo inamfunga mwenye kamera, nayo inamfunga pia anayekasirika na kukana hata yale yaliyo kweli.

5. "VUTA N'KUVUTE"

Mfano wa tatu umetoka kwetu wenyewe. Mwaka 2021 Amil Shivji, Mtanzania, alitoa filamu ya "Vuta N'kuvute", iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto huko Kanada mwaka ule ule. Hadithi inatokea Unguja katika miaka ya 1950, karibu na wakati ule ule wa mambo ya Engare Nanyuki. Denge ni kijana anayepigania uhuru na kuwindwa na polisi wa Kiingereza. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume asiyempenda, naye anakimbia.

Hapa wenyeji hawashiki kamba za watu wengine. Wao ndio wanaosema, tena kwa Kiswahili, nao ndio wanaopenda, wanaoogopa na wanaokosea. Mwenye kiti cha serikali ndiye aliye pembeni.

Lakini kwa kuwa filamu ni yetu, je, tuipokee bila swali? La hasha. Filamu inaweka mambo mawili bega kwa bega, yaani uhuru wa nchi na uhuru wa binti. Inatuuliza kama yafaa mtu adai nchi yake isitawaliwe na wengine, huku nyumbani kwake anamtoa binti kwa mume bila kumwuliza. Baadhi ya wazazi watasema kwamba binti akikimbia amewavunjia heshima waliomlea. Wengine watasema kwamba heshima isiyomsikiliza anayeozwa ni heshima ya upande mmoja. Vikundi vyetu visiliepuke swali hili. Mara nyingi sinema nzuri haikupi jibu, bali inakuacha na swali ambalo hukuwa na ujasiri wa kuliuliza mezani.

6. MASWALI MATANO

Baada ya mifano hiyo, haya ndiyo maswali yetu. Yafaa kwa sinema kubwa na kwa tamthilia ya kila jioni pia.

(a) Nani anasema, na nani ananyamaza? 
(b) Ni nini kilichobaki nje ya picha, ambacho sisi wenyewe tunakijua au twaweza kukiuliza? 
(c) Mtu mwema wa hadithi hii anapimwa kwa nini: kwa mali, kwa nguvu, kwa uzuri wa sura, au kwa matendo yake? 
(d) Ni jambo gani limeonyeshwa hasa, na ni lipi limedokezwa tu? 
(e) Picha ikiisha, inatuachia wajibu gani kwa jirani aliye karibu?

Tujaribu swali la kwanza katika tamthilia za televisheni. Familia ni ya kitajiri, nyumba ina ngazi ndefu na magari mawili uani, na watu wanagombania urithi. Mara msichana wa kazi anapita na sinia la vinywaji. Anaweka glasi, anainama, anatoka. Hana jina, na pengine ana neno moja tu la kusema: "Ndiyo, mama." Vipindi vinapita 50, wala hatujui ametoka kijiji gani. Sasa tuzime televisheni, tutazame nyumbani mwetu. Binti anayetusaidia kazi tunamwita kwa jina gani? Analala wapi? Jumapili anapata nafasi ya kupumzika? Mshahara wake tunautoa kwa wakati? Pengine tumezoea kumwona katika picha kama kivuli, hata tumemfanya kivuli katika nyumba zetu. Au pengine sisi tulianza, na sinema imetuiga.

7. KAZI YA VIKUNDI

Tunashauri kwamba katika mwezi huu kila kikundi cha vijana, cha akina mama na cha akina baba kifanye mambo matatu.

Kwanza, kitazame sinema moja pamoja, hata kama ni ya kuchekesha, kisha kijadili maswali matano kwa muda wa saa moja. Mzee na kijana wapewe nafasi sawa ya kusema, na kijana asikatizwe.

Pili, wazazi wakae na watoto wao jioni moja mbele ya kipindi ambacho watoto wamekichagua wenyewe. Wasianze kwa kukemea. Waanze kwa kuuliza: "Mwanangu, unampenda nani hapa, na kwa nini?" Jibu la mtoto litamfundisha mzazi mambo mengi juu ya mtoto huyo.

Tatu, na hili ndilo tunalolisisitiza, kila kikundi kimtafute mzee mmoja wa upande huu wa Meru anayekumbuka mambo ya zamani ya ardhi, ya mashamba ya walowezi na ya siku za kudai uhuru. Kijana mmoja amrekodi kwa simu yake kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, mwingine aandike. Mzee asiharakishwe. Aulizwe majina ya watu na ya mahali, nayo yaandikwe vizuri, pamoja na mwaka kama anaukumbuka.

Kamera iliyokuja Momella mwaka 1960 ilikuwa mali ya wageni, na iliona walichotaka kukiona. Leo kijana wa Elerai anayo kamera mfukoni. Lililobaki ni kujua tutaielekeza kwa nani, na kama tutakuwa na subira ya kumsikiliza huyo aliye mbele yake mpaka amalize.